Kutambua Nyuzi Nyekundu na Nyeupe za Misuli kwa Spektromita: Mwongozo Kamili wa Maabara Ndogo

Wanafunzi na walimu wa maabara wa Unguja na Pemba wamekuwa wakinionesha michoro yenye kasoro zinazofanana. Kidari cha kuku na nyama ya shavu la ng'ombe vimetoa mistari isiyotofautiana, au msuli mmoja uliopimwa Jumatatu na kurudiwa Alkhamisi umetoa majibu mawili yasiyopatana. Wengi wao huamini kuwa mashine imeharibika. Katika michoro niliyokaa nao kuikagua, mashine ilikuwa nzima, na kosa lilikuwa limekwisha kufanyika kabla ya nyama kuwekwa mbele ya mwanga: kwenye kisu, kwenye taa ya dari, kwenye karatasi nyeupe iliyotumiwa kama kirejeo (kitu ambacho kipimo cha nyama hulinganishwa nacho), au kwenye dakika zilizopita bila mtu kuzihesabu.

Mwongozo huu unahusu spektromita, yaani mashine inayoupima mwanga rangi kwa rangi, ya mwanga unaoonekana, wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 750, inayosoma mwanga ulioakisiwa na uso wa nyama mbichi. Ndiyo mashine ambayo maabara ya chuo au ya sekondari inaweza kuipata. Spektroskopia ya Raman na ya mwanga wa infraredi husoma protini, mafuta na glukojeni (sukari ya akiba ya msuli) moja kwa moja zaidi, lakini zinahitaji vifaa vya gharama kubwa na matayarisho ya namna nyingine, kwa hiyo sitaziingiza hapa.

Kwanza, fahamu mashine inasoma nini

Nyuzi za misuli ya mifupa hupangwa kwa aina ya mayosini, yaani protini inayoukunja uzi, iliyomo ndani yake. Nyuzi za aina ya I hujikunja polepole, hutegemea oksijeni na huchelewa kuchoka. Za aina ya IIA ni za kasi, lakini nazo hutumia oksijeni kwa wingi. Za IIX, pamoja na IIB zinazopatikana kwa panya na wanyama wengine wadogo, ni za kasi zaidi, hutegemea glukojeni na huchoka upesi.

Spektromita yetu haioni mayosini hata kidogo. Inaona mayoglobini, yaani protini nyekundu inayohifadhi oksijeni ndani ya uzi, na kwa kiasi kidogo rangi za mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati ndani ya uzi. Kwa kuwa nyuzi zinazotegemea oksijeni huwa na mayoglobini nyingi na mitokondria nyingi, tunapata ushahidi wa aina ya uzi kupitia rangi yake. Ushahidi huu ni mzuri, lakini ni wa kuzungukia, na mtu akiusahau ukweli huo atadanganywa na samaki wa kwanza wa jodari atakayempima.

Fahamu pia kwamba doa la mwanga lenye upana wa milimita chache hufunika nyuzi nyingi kwa pamoja. Jibu lako litakuwa "msuli huu una nyuzi nyingi za aina ya I", wala si "uzi huu ni wa aina ya I".

Vifaa vya kutayarisha

Kusanya vyote kabla ya kwenda sokoni, kwa sababu nyama ikishakatwa hakuna muda wa kutafuta kitu.

- Spektromita yenye waya wa nyuzi za kioo, inayofika angalau nanomita 450 hadi 700.
- Taa ya halojeni yenye umeme usiopandashuka. Taa nyeupe ya LED haifai sana: ina kilele kikali karibu na nanomita 450, bonde karibu na 480, na mwanga hafifu kupita 700.
- Kirejeo cheupe. Kama huna cha kununua, tumia kipande kinene cha plastiki ya PTFE, ambayo ndiyo ule utepe mweupe wa mafundi bomba. Utepe wenyewe unafaa ukikunjwa tabaka nyingi hadi kitu cheusi kilichowekwa nyuma yake kisionekane kabisa.
- Kitambaa kizito cheusi au sanduku lililopakwa rangi nyeusi ndani, la kufunikia sampuli.
- Taa ya zamani ya kubana umeme, ile ya mirija iliyojisokota. Itatumika mara moja tu, kukagua mashine.
- Visu viwili vikali, bao la plastiki, karatasi laini za kufutia, sahani ndogo nyeusi zenye kina cha sentimita 1.5.
- Sanduku la barafu, kipimajoto na saa.
- Daftari. Simu hufa chaji, na vidole vyenye mafuta ya samaki haviandiki juu yake.

Kwa hatua ya uthibitisho utahitaji pia bafa ya fosfati (kimiminika kinachoshikilia pH), mashine ya kuzungusha mirija na spektrofotomita ya kuveti, yaani inayopima mwanga unaopita kwenye kichupa chenye kimiminika.

Usitumie karatasi ya kuandikia kama kirejeo cheupe. Karatasi nyingi hutiwa kemikali za kung'arisha zinazogeuza mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, kuwa wa buluu, na matokeo yake ni kwamba upande wa buluu wa mchoro wako wote utakuwa wa uongo, ingawa kwa macho karatasi inaonekana nyeupe kuliko PTFE.

Hatua ya 1: Chagua misuli ambayo jibu lake linajulikana

Usianze na fumbo. Anza na jozi mbili za misuli ambazo tofauti yake haina ubishi, ili ukikosea ujue kosa ni lako.

Jozi bora kwetu sisi ni kipande cha nguru kilichokatwa mviringo, kama kinavyouzwa soko la Malindi, Unguja, au kwenye diko lolote la Pemba. Kitazame kwa karibu. Nyama karibu yote ni ya kijivu chenye weupe, lakini pande zote mbili, chini kidogo ya ngozi, usawa wa mstari wa ubavu, kuna pembe tatu ndogo yenye rangi ya damu ya mzee. Hiyo ndiyo misuli myekundu, ya nyuzi za polepole, ambayo samaki huitumia kuogelea mchana kutwa. Nyama nyeupe inayoizunguka ni ya nyuzi za kasi, ya kukimbilia na kukimbia. Samaki mmoja, saa moja ya kufa: tofauti utakayoiona inatokana na nyuzi zenyewe.

Jozi ya pili ni ya ng'ombe. Omba muuza nyama akuwekee nyama ya shavu, ambayo kwa ng'ombe karibu yote ni nyuzi za aina ya I, kwani mnyama hucheua saa nyingi kila siku. Iweke pamoja na ule msuli wa mviringo wa nyuma ya paja, wenye nyuzi nyingi za kasi. Usihamishe kanuni hii kwa mnyama mwingine bila kuikagua, kwa kuwa msuli wa shavu la panya ni wa kasi. Jina la msuli halitoshi. Lazima ujue ni wa mnyama gani.

Kuku anafaa pia. Kidari chake ni cheupe karibu chote, na paja lina mchanganyiko. Kuku na ng'ombe waliochinjwa na kuachwa damu itoke wana faida moja kubwa ya kimaabara: himoglobini, yaani protini nyekundu ya damu, iliyobaki kwenye nyama ni kidogo. Samaki hachinjwi, damu yake hubaki ndani, na himoglobini hufyonza mwanga karibu sehemu zile zile za mayoglobini. Kwa hiyo omba nguru aliyetolewa matumbo mapema, na epuka kabisa kupima karibu na mshipa au kwenye doa la damu.

Sampuli iingie kwenye barafu hapo hapo sokoni, ndani ya mfuko uliofungwa ili isiguse maji. Nyama iliyolowa maji ya barafu hupauka, kwa sababu mayoglobini huyeyuka kwenye maji na kuondoka nayo.

Hatua ya 2: Washa taa mapema, zima taa nyingine zote

Taa ya halojeni ipewe dakika 20 za kupata moto kabla ya kipimo cha kwanza. Mwanga wake hubadilika katika dakika hizo, na mabadiliko hayo yataonekana kana kwamba ni mabadiliko ya nyama.

Kisha zima taa za dari. Nalisema hili kwa uchungu, kwani nilipoteza kazi ya siku tatu kwa sababu yake. Michoro yangu yote ilikuwa na kijinundu chembamba karibu na nanomita 546, nikakichukua kuwa ni alama ya mayoglobini yenye oksijeni, ambayo kilele chake kimoja kiko karibu na 542. Nilipoondoa nyama na kuacha kirejeo peke yake, kijinundu kilibaki pale pale. Kilikuwa ni mstari wa zebaki unaotoka kwenye taa za mirija juu ya kichwa changu.

Umeme ukikatika na kurudi, anza tena kuhesabu dakika 20 na upime virejeo upya. Usiendelee na vile vya zamani hata kama umeme ulikatika kwa dakika moja.

Hatua ya 3: Kagua kama mashine inajua nanomita zake

Elekeza waya wa mashine kwenye ile taa ya kubana umeme. Mchoro utaonesha vilele vikali vya zebaki kwenye nanomita 435.8 na 546.1, na kilele chekundu karibu na 611. Mashine yako ikiviweka kwenye 438 na 549, basi inakosea kwa nanomita kama 3, na ni lazima usahihishe mhimili mzima kabla ya kuendelea.

Kosa la nanomita 3 linaonekana dogo. Lakini kazi yetu yote iko kwenye miteremko mikali kati ya 525 na 635, na huko nanomita chache zinatosha kugeuza jibu.

Ukishamaliza, izime taa hiyo na uitoe chumbani.

Hatua ya 4: Kata nyama kwa namna moja, kila mara

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko mahali pengine popote.

Kata kipande chenye unene wa sentimita 1.5 na uso ulio bapa. Tumia pigo moja refu la kisu, kwa sababu kisu kinachosugua mbele na nyuma hupaka mafuta na damu kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kisu cha nyama nyeupe kisitumike kwa nyama nyekundu, na ndiyo maana nimetaja viwili.

Amua kama utakata kufuata nyuzi au kukata nyuzi mkingamo, andika kwenye daftari, kisha usibadilishe. Mwanga hutembea kwa urahisi zaidi kwa urefu wa nyuzi kuliko kupenya ubavuni mwake, na msuli ule ule utatoa usomaji tofauti ukigeuzwa. Mimi hukata mkingamo, kwa kuwa uso wake huwa sawa zaidi na mng'ao wake ni mdogo.

Ondoa utando mweupe na mafuta yanayoonekana. Mafuta na utando hutawanya mwanga na kuufanya msuli mwekundu uonekane mweupe kuliko ulivyo. Futa uso kwa kuugusa na karatasi laini mara moja, bila kusugua.

Pembe tatu nyekundu ya nguru mdogo huwa nyembamba. Ikiwa haifiki sentimita 1, panga vipande kadhaa vya samaki huyo huyo ndani ya sahani nyeusi na uvibane kwa kidole kilichovaa glavu hadi hewa itoke. Usichanganye samaki wawili.

Jaribio la unene ni hili: pima kipande kikiwa juu ya sahani nyeusi, kisha kiweke juu ya PTFE nyeupe upime tena bila kusogeza doa. Michoro miwili ikilingana hadi 700, unene unatosha. Ikiachana kwenye upande mwekundu, mwanga unapenya nyama na kusoma sahani, jambo linalotokea hasa kwa kidari cha kuku. Ongeza unene.

Hatua ya 5: Hesabu dakika baada ya kukata

Mayoglobini ina sura tatu, na kila moja ina alama zake. Isiyo na oksijeni ni ya zambarau, na kilele chake kimoja kipana kiko karibu na nanomita 556. Iliyoshika oksijeni ni nyekundu ya kung'aa, yenye vilele viwili karibu na 542 na 581. Iliyooksidika ni ya kahawia, na hujitambulisha kwa kinundu karibu na 632 na kingine karibu na 505.

Nyama iliyokatwa sasa hivi ni ya zambarau. Ikikutana na hewa hugeuka nyekundu taratibu, na ikikaa sana kwenye joto hugeuka ya kahawia. Kwa hiyo mtu anayepima sampuli ya kwanza baada ya dakika 2 na ya nane baada ya saa nzima anapima muda, si nyuzi.

Utaratibu ninaoupendekeza ni kuacha kila kipande dakika 30 hasa, kikiwa kwenye sahani juu ya barafu, kimefunikwa kwa nailoni nyembamba isiyogusa nyama, halafu kupima. Kata vipande kwa kupishana dakika 5, ili kila kimoja kifikie dakika ya 30 kwa zamu yake. Barafu si anasa. Joto la chumba wakati wa kaskazi huifanya nyama ya samaki kuwa ya kahawia kabla hujamaliza safu ya kwanza.

Usishangae msuli mwekundu ukichelewa kung'aa. Mitokondria zake bado zinavuta oksijeni baada ya mnyama kufa, na hivyo hewa haipenyi mbali. Shavu la ng'ombe likibaki na uzambarau pale ambapo paja limeshang'aa, hiyo nayo ni dalili ya aina ya nyuzi, na inastahili mstari wake kwenye daftari.

Hatua ya 6: Pima

Weka ncha ya waya kwenye pembe ya digrii 45 na uso wa nyama, kwa umbali usiobadilika. Kipande cha bomba jeusi kilichokatwa mshazari kitashikilia pembe na umbali kwa pamoja. Ukielekeza wima, mng'ao wa unyevu utarudi moja kwa moja ndani ya mashine, na mchoro utapanda wote bila kuwa na taarifa yoyote.

Mpangilio uwe huu: kirejeo cheusi taa ikiwa imezibwa, kirejeo cheupe, nyama sehemu tano tofauti, kirejeo cheupe tena. Vipimo viwili vya kirejeo cheupe vikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 2, tupa safu hiyo na urudie. Kila kipimo kisizidi sekunde 10 chini ya taa, kwani halojeni hukausha na kupasha uso wa nyama.

Wenye maabara karibu na pwani wafute ncha ya waya kwa spiriti kila asubuhi na kuihifadhi kwenye kopo lenye chembe za kukausha unyevu. Chumvi ya hewani huacha ukungu ambao haumkeri mtu mpaka kirejeo cheupe kianze kushuka wiki hadi wiki.

Hatua ya 7: Geuza namba ziwe kitu kinachosomeka

Kwanza pata uakisi, R:

R = (nyama − cheusi) ÷ (cheupe − cheusi)

Wengi huishia hapo na kulinganisha R kwa R. Hilo ni kosa, kwa sababu uakisi hauongezeki wala kupungua kwa mstari ulionyooka kulingana na kiasi cha rangi. Tumia kanuni ya Kubelka na Munk, ambamo K ni ufyonzaji wa mwanga na S ni mtawanyiko wake:

K/S = (1 − R)² ÷ 2R

Tuseme kwenye nanomita 525 msuli mmoja una R ya 0.40 na mwingine 0.10. Kwa R unadhani tofauti ni mara 4. Kwa kanuni hii wa kwanza unapata 0.45 na wa pili 4.05, yaani mara 9, na hiyo ndiyo inayokaribia tofauti ya mayoglobini iliyomo.

Nanomita 525 haikuchaguliwa kwa bahati. Karibu na hapo sura zote tatu za mayoglobini hufyonza mwanga kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo usomaji unaonesha jumla ya rangi hata kama kipande kimoja kimeng'aa kidogo kuliko kingine. Toa K/S ya 700 kutoka kwenye K/S ya 525 ili kupunguza athari ya mtawanyiko wa mwanga. Namba inayobaki ndiyo kipimo chako kikuu.

Kisha gawanya R ya 630 kwa R ya 580. Uwiano huu hushuka nyama inapokuwa ya kahawia. Sampuli ambayo uwiano wake umeanguka mbali na wenzake wa msuli huo huo imeoksidika, na haifai kulinganishwa.

Hatua ya 8: Jua mafanikio yanafananaje

Mchoro mzuri wa nyama nyekundu ya nguru, ukiuchora kwa K/S, una mabega mawili yanayoonekana waziwazi karibu na 542 na 581, bonde kati yake, na mteremko mkali kuelekea 600. Baada ya 650 mstari unalala karibu na chini. Mchoro wa nyama nyeupe ya samaki huyo huyo una mabega hayo hayo, ila ni madogo kiasi cha kukulazimu kukuza mchoro ili uyaone. Maumbo yanafanana, kimo ndicho kinachotofautiana.

Ikiwa umepata bega moja pana karibu na 556, ulipima mapema kabla oksijeni haijaingia. Ikiwa kuna kinundu karibu na 632, ulichelewa au nyama ilipata joto. Ikiwa mistari yote imepanda au kushuka kwa pamoja bila kubadili umbo, umbali wa waya ulibadilika. Ikiwa kuna mwiba mwembamba kwenye 546, rudi Hatua ya 2 ukatazame dari.

Hatua ya 9: Thibitisha kwa kutoa mayoglobini

Namba ya mashine haina uzito mpaka ilinganishwe na kipimo kingine. Katakata gramu 5 za msuli ule ule, zisage na mililita 45 za bafa ya fosfati ya 0.04 M yenye pH 6.8, baridi kama barafu. Acha saa 1 kwenye baridi, zungusha kwenye mashine, chuja, kisha usome ufyonzaji kwenye 525 na 700 kwa kuveti ya sentimita 1.

Mayoglobini kwa miligramu katika kila gramu ya nyama = (A525 − A700) ÷ 7.6 × 17 × 10

Hapo 7.6 ni nguvu ya mayoglobini ya kufyonza mwanga kwenye 525 kwa kila milimola, 17 inatokana na uzito wa molekuli wa takriban 17,000, na 10 ni kiasi ulichozimua. Ufyonzaji wa 0.19 utakupa 4.25. Kimiminika kikiwa na ukungu, usikisome, zungusha tena. Kumbuka kuwa himoglobini nayo huhesabiwa humu, na hilo ni sababu nyingine ya kuogopa damu.

Chora namba za Hatua ya 7 dhidi ya hizi. Zikipanda pamoja, spektromita yako inasoma mayoglobini kweli. Ili kudai kwamba inasoma aina ya nyuzi, lazima upate angalau sampuli chache zilizokatwa zikiwa zimegandishwa na kutiwa rangi ya mayosini ATPase, ambayo hutenganisha nyuzi kwa aina ya mayosini yake. Baada ya kulowekwa kwenye asidi ya pH karibu 4.3, nyuzi za aina ya I hutoka nyeusi na za kasi hupauka. Kama maabara yako haina kifaa cha kukatia nyama iliyoganda, shirikiana na iliyo nacho, na uandike wazi kwenye ripoti kuwa umepima wekundu.

Hatua ya 10: Hesabu wanyama, usihesabu madoa

Mwanafunzi mmoja alinijia kwa furaha na programu yake iliyotambua misuli bila kukosea hata mara moja. Alikuwa na kuku 4, kila mmoja amepimwa sehemu 10 kwenye kila msuli, na akachanganya vipimo vyote kabla ya kuvigawa vya kufundishia na vya kujaribia. Programu ilikuwa imeshawaona kuku wote wanne wakati wa kufunzwa. Alipoletewa kuku wa tano, ilikosea.

Wastani wa sehemu tano ni namba moja ya msuli mmoja wa mnyama mmoja. Unapojaribu programu, mtoe mnyama mzima nje, funza kwa waliobaki, mjaribu huyo, kisha rudia kwa kila mnyama. Alama zitashuka, nazo ndizo za kuandika.

Jodari, na mapaja ya wachezaji

Baada ya nguru kukubali, kila mtu hukimbilia jodari, kwa kuwa nyama yake ni nyekundu na ya kuvutia. Nilipomwomba muuzaji ile nyama nyeusi iliyoko ndani karibu na uti wa mgongo, alinitazama na kuniambia, "Hiyo mwalimu huwa tunawapa paka, chukua hii nzuri." Ile aliyoiita nzuri, nyekundu kama tikiti, ndiyo misuli ya kasi ya jodari. Ina mayoglobini nyingi ingawa ni ya kundi la nyuzi nyeupe. Ile ya paka ndiyo misuli ya polepole. Namba uliyoiweka kwa nguru kuwa mpaka kati ya nyekundu na nyeupe ukiitumia kwa jodari, nyama yote itaitwa nyekundu, na mashine haitakuwa imekosea. Kila aina ya samaki iwekewe mpaka wake, kwa sampuli zake, na jodari ipimwe upya kuanzia Hatua ya 1.

Nimeulizwa pia, zaidi ya mara moja, kama mwanga huu unaweza kuwekwa kwenye paja la kijana wa timu ya mpira ili kujua kama ni wa mbio fupi au ndefu. Mwanga unaoonekana hauvuki ngozi na mafuta kwa kiasi cha kutosha. Vifaa vya mwanga wa infraredi ya karibu, vinavyotumia mawimbi kama 760 na 850, hufika kwenye msuli, lakini vinasoma himoglobini na mayoglobini kwa pamoja bila kuzitenganisha, na vinatufaa kufuatilia oksijeni mchezaji anapokuwa mazoezini. Usimpangie kijana nafasi uwanjani kwa mchoro wa namna hiyo.